Kamba kabla ya mkasi: mitufaha na mpichi wa ukutani

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mtaalamu. Niko Njombe mjini. Mwezi wa kumi na mbili mwaka juzi nilipanda miche mitatu ya kubebeshwa kando ya uzio wangu wa matofali ya kuchoma: mitufaha miwili (mmoja niliambiwa ni Anna, wa pili muuzaji mwenyewe hakuwa na hakika) na mpichi mmoja. Iko kama futi moja kutoka ukutani, na kati ya mti na mti ni mita tatu na nusu. Nilikuwa nimeona picha za miti iliyolazwa ukutani, matawi yamenyooka kama ngazi, nikatamani. Shemeji akaniambia nikate vichwa vyote kwenye kimo cha mita moja ili ijae. Nilikata mwezi wa pili mwaka huu. Sasa tuko mwisho wa Julai na kila mti umetoa machipukizi mengi juu, yote wima kama fagio. Mtufaha mmoja una tawi lenye majani madogo linalotokea chini kabisa, na wa pili majani machanga yamekuwa njano ila mishipa imebaki kijani. Je, nimeharibu? Nikate yote nianze upya? Nimesikia wengine wanafunga mawe. Mke wangu anasema mizizi itapasua ukuta. Na nafasi iliyobaki naweza kuweka parachichi? Ukuta unaelekea magharibi, jua ni saa saba mpaka jioni."

Jibu:

Ndugu yangu, hujaharibu, na shemeji hakukudanganya kabisa. Alikupa ushauri wa mti wa shambani, ule unaoachwa ujae pande zote kama kikapu. Wewe unataka mti bapa. Kitu kimoja tu nakuomba kabla hujaendelea kusoma: weka mkasi chini. Najua mkono unawasha ukiona fagio lile, lakini ukikata tena yote sasa, Oktoba utakuwa na fagio nene zaidi na bado huna tunda. Kazi unayoihitaji ni ya kamba na fito. Mkasi utakuja baadaye, na kwa kiasi.

Nianze na hiyo picha uliyoiona, maana ndiyo chanzo cha mkanganyiko wa watu wengi wanaoniuliza jambo hili. Kulaza miti ukutani ni sanaa iliyokuzwa sana Ufaransa na Uingereza. Bustani ya mfalme pale Versailles, iliyojengwa na Jean-Baptiste de La Quintinie kati ya 1678 na 1683, ilikuwa imejaa kuta za namna hiyo, na kule Montreuil, kando ya Paris, wakulima waliishi kwa pichi za ukutani kwa vizazi na vizazi. Kwao ukuta ni jiko. Unafyonza jua mchana, unalirudisha usiku, na pichi ambayo isingeiva kwenye uwanja wazi inaiva. Wanachokosa wao ni joto, na ukuta unawapa joto.

Wewe huko Njombe unachokosa ni baridi. Najua utacheka, maana Julai hii unalala na blanketi mbili. Lakini mtufaha hauhesabu baridi kama sisi. Macho ya mtufaha, yaani vile vifundo vinavyochipua majani na maua, yakishafungwa mwisho wa msimu hayafunguki vizuri mpaka yakusanye saa nyingi za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya zinahitaji kama saa 1,000. Ndiyo maana zikiletwa huku zinakaa miaka na miaka zikitoa majani mafungu mafungu kwenye ncha tu, katikati ya tawi kumebaki kijiti kitupu. Anna, iliyozalishwa Israel, na Dorsett Golden, iliyopatikana Bahama, zinaridhika na saa 200 hadi 300, na ndiyo sababu ndizo zinazozungushwa sana kwenye nyanda zetu za juu. Sasa fikiria ukuta wa matofali unaoelekea magharibi: umechomwa na jua kuanzia saa saba, na mpaka saa nne za usiku bado una uvuguvugu. Macho yaliyo karibu nao yanapunguziwa kile kile yanachokihitaji.

Sisemi ung'oe. Ukuta huo huo unaweza kuokoa maua asubuhi ile umande unapoganda, na unakinga upepo. Faida kubwa kwako ni ya nafasi: mti unachukua upana wa mkono badala ya uwanja mzima, unauvuna bila ngazi, na matunda unaweza kuyavisha mifuko ya karatasi moja moja kabla nzi wa matunda hajafika. Hizo ni sababu tosha. Ila usitegemee joto la ukuta likufanyie kazi, na weka nafasi ya hewa kati ya matawi na matofali. Nitarudi kwenye hilo.

Kabla sijaacha habari za ukuta: ukisoma kitabu cha Uingereza kinakwambia chagua ukuta unaotazama kusini. Kwako ushauri huo umepinduka. Njombe iko kusini mwa ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kusini unapata jua la mchana katika miezi ya mvua na mawingu tu. Kwa hiyo mwenye kuchagua achague kaskazini au mashariki. Magharibi yako inafaa, ila ina ukali wake: jua la alasiri likipiga gome changa huku ukuta ukirudisha joto, gome linaungua na kupasuka. Paka shina chokaa nyepesi ya maji, kuanzia chini hadi pale matawi yanapoanzia. Rangi ya mafuta isiguse mti. Na kwa wasomaji wenye uzio wa mabati, msilaze mti moja kwa moja kwenye bati. Ligusieni saa tisa alasiri mtaelewa.

Sasa fagio. Jicho la kwenye ncha ya tawi ndilo nyapara wa mti. Linatengeneza homoni iitwayo auksini, na homoni hii inateremka kwenye gome ikiwaambia macho yote ya chini: tulieni. Ulipokata vichwa mwezi wa pili, katikati ya mvua, mti ukiwa na nguvu zote, ulimfukuza nyapara kwa siku moja. Macho manne, matano, sita yaliyokuwa chini ya kidonda yakaamka kwa pamoja, kila moja likikimbilia kuwa nyapara mpya. Ndiyo maana yamesimama wima na ndiyo maana yote yako juu, sentimita 20 au 30 za mwisho, huku chini hakuna kitu. Mti ulifanya ulichouagiza.

Tawi lililosimama wima lina kazi moja akilini: kurefuka. Ukililaza, mambo mawili yanabadilika. Ncha inapoteza mamlaka, kwa hiyo macho yaliyo katikati ya tawi yanaanza kuamka, kila moja kidogo kidogo. Na kwa kuwa urefu umepungua kasi, chakula kinachotengenezwa na majani kinabaki palepale, na macho hayo badala ya kuwa matawi marefu yanakuwa vijitawi vifupi, vinene, vyenye mikunjo mikunjo. Hivyo ndivyo vinavyobeba matunda ya tufaha na peasi, mwaka baada ya mwaka, kwenye matawi yenye umri wa miaka miwili na kuendelea. Ukikata sana unazalisha urefu. Ukilaza unazalisha maua. Kwa Mzungu mwenye baridi ya kutosha hii ni mbinu ya kupendezesha ukuta. Kwetu, ambako macho hayaamki vizuri kwa sababu ya uhaba wa baridi, kulaza ni nusu ya dawa.

Nusu nyingine wakulima wa Batu, Java Mashariki huko Indonesia, wanaijua vizuri. Kule hakuna baridi ya maana, na tufaha zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Wiki chache baada ya mavuno wanapukutisha majani yote kwa mkono, na mti unashtuka na kuchanua upya. Miti yako bado ni midogo kwa jambo hilo. Ukiipukutisha sasa unainyang'anya chakula. Likumbuke ikishatoa matunda, utakapoona majani ya zamani yameng'ang'ania mpaka Agosti na macho hayataki kufunguka.

Tuingie kazini. Kwanza waya. Usipigilie misumari kwenye uzio wa matofali ya kuchoma, hasa kama umejengwa kwa tope. Mti ukibeba matunda na upepo ukivuta, misumari inang'oka na vipande vya tofali. Huko kwenu nguzo za milingoti haziadimiki. Simika nguzo ndogo sentimita 10 mbele ya ukuta, moja kila baada ya mita mbili au tatu, kisha vuta waya wa mabati wa geji 12 kwa mistari minne: sentimita 50 kutoka ardhini, 90, 130 na 170. Kwa njia hiyo ukuta haubebi uzito wowote na hewa inapita nyuma ya majani. Hewa hiyo ndiyo kinga yako ya kwanza dhidi ya ubwiri unga, ule unga mweupe unaokunja majani machanga ya tufaha.

Kwenye kila mtufaha, simama mbele yake utazame fagio kwa utulivu. Tafuta matatu: moja lililo karibu na katikati na linalopanda vizuri, moja linaloweza kwenda kulia, moja kushoto. Haya mawili ya pembeni yawe na unene unaofanana, kama penseli hivi, na yasitokee sehemu moja kabisa. La katikati lifunge kwenye fito iliyosimama. Ya pembeni yafunge kwenye fito zilizoinamishwa nusu, yaani katikati ya kusimama na kulala. Usiyalaze kabisa leo. Tawi likilazwa ghafla likiwa changa linaacha kukua kwenye ncha, halafu pale lilipopindia linachomoza chipukizi nene linalosimama wima, na umerudi ulikotoka. Liache hivyo msimu wa mvua wote, likuwe, na mwezi wa tano mwakani ndipo unashusha fito mpaka tawi lilale kwenye waya. Kama moja limezidiwa na mwenzake, liinue kidogo lipate nguvu, na lililozidi lishushe. Hiyo ndiyo usukani wa kazi yote hii, na haihitaji kukata hata jicho moja.

Pinda alasiri, si asubuhi. Asubuhi tawi limejaa maji na linavunjika kama karoti, alasiri limelegea. Weka kidole gumba ndani ya pindo, mkono wa pili uvute taratibu, ukisikia mlio wa kukatika simama hapo hapo. Ukipasuka mpasuko mdogo, funga kwa kipande cha tyubu na uliache, mara nyingi litaunga. Kwa kufungia, vipande vya tyubu ya baiskeli ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, kwa sababu vinatanuka tawi linaponenepa. Katani nayo inafaa. Waya wa kufungia nondo usiguse gome kamwe. Miezi sita tu unazama ndani na kulinyonga tawi. Kuhusu mawe: yanafanya kazi, na yapo mashamba yanayoyatumia vizuri. Tatizo ni upepo. Jiwe linabembea, kamba inasugua gome, na tawi linapindia pale lilipofungwa jiwe badala ya kwenye shina. Wewe una waya, huna haja nayo.

Machipukizi yaliyobaki? Yanayotazama ukutani na yale yanayokuja mbele yako, toa makubwa mawili au matatu kwa kila mti, kuanzia shinani kabisa. Mengine yapinde chini yaangalie ardhi, uyafunge ovyo ovyo, hayahitaji urembo. Ni vibarua wa msimu mmoja: majani yake yanalisha mizizi, na kwa kuwa yameinama hayatashindana na yale matatu. Mwakani utayatoa. Kipimo changu ni kwamba usiondoe zaidi ya theluthi ya mti kwa mkupuo mmoja.

Pale unapokata, kata hivi. Tafuta jicho linalotazama upande unaoutaka. Weka mkasi nusu sentimita juu yake, upande mkali ukiwa upande wa jicho, na kidonda kiinamie nyuma ya jicho ili maji yasiliteremkie. Ukiacha kijiti kirefu juu ya jicho kitakauka na kuoza kurudi chini; ukikata karibu mno jicho litanyauka. Kama unaondoa tawi zima, kata pale penye kipete kidogo kilichovimba tawi linapoungana na shina, bila kukichonga hicho kipete, kwa sababu ndicho kinachoziba kidonda. Futa mkasi kwa spiriti kila unapohama mti. Usipake kidonda chochote; hewa kavu ya Julai na Agosti inatosha, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kukata miezi hii badala ya Februari.

Umekatia mita moja, kwa hiyo mikono ya kwanza ya mti, yaani yale matawi ya pembeni, itaanzia karibu na waya wa pili, ule wa 90. Ule wa 50 utabaki mtupu. Unaweza kufanya mambo matatu. La kwanza, kukubali: mti utakuwa na shina refu kidogo na ngazi fupi, na matunda yatakuwa matamu vilevile. La pili, kukata tena shina lote kwenye sentimita 50 na kupoteza mwaka. Hili silipendekezi, isipokuwa kama mti ni mgonjwa. La tatu ni kuamsha macho ya chini. Tazama shina kati ya sentimita 40 na 50 utaona vidoa vilivyovimba, hayo ni macho yaliyolala. Katikati ya Agosti, kabla utomvu haujaanza kupanda kwa nguvu, chukua kisu kikali, na nusu sentimita juu ya jicho unalolitaka chonga gome kidogo kwa umbo la mwezi mwandamo, upana wa milimita mbili, mpaka uone mti mweupe. Umekata njia ya auksini inayoteremka, na jicho hilo linadhani limekuwa la juu. Si kila jicho linaitika, hasa gome likishakomaa. Chonga mawili kila upande, upate angalau moja. Ningekuwa mimi ningefanya hili.

Mpichi ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaufanyia kama tufaha. Pichi hazai kwenye vijitawi vya zamani. Inazaa kwenye tawi lililokua msimu uliopita, mara moja, kisha tawi hilo limekwisha kazi. Ukiulaza kwa ngazi ile ya mtufaha, baada ya miaka mitatu utakuwa na mikono mirefu mitupu, matunda yote yako kwenye ncha mbali na shina. Mpichi unatakiwa umbo la upepeo: toa lile chipukizi la katikati hata kama ndilo zuri kuliko yote, bakiza mawili, kulia na kushoto, uyafunge yakiwa yameinama nusu, na kutokana na hayo kila mwaka uongeze mbavu za upepeo. Kisha kila baada ya mavuno, tawi lililozaa unalikata mpaka kwenye chipukizi jipya lililo karibu na chini yake, na hilo jipya unalifunga mahali pake. Kwa hiyo mpichi unakula mkasi zaidi, na hauvumilii uvivu. Usiukate kwenye mvua. Vidonda vyake vinatoka gundi na kuingiwa na ugonjwa kwa urahisi. Machipukizi yaliyoota tangu Februari huenda yakachanua Septemba hii. Acha pichi tatu nne uonje, nyingine toa zikiwa ndogo. Maua ya mitufaha, yakitokea mwaka huu, yatoe yote.

Lile tawi lenye majani madogo linalotoka chini si tawi lako. Tazama shinani, sentimita 10 au 20 kutoka ardhini, kuna kiungio kama goti ambapo muuzaji alibebesha, yaani aliunganisha tufaha lako juu ya mche mwingine. Chochote kinachotoka chini ya goti ni cha shina la chini, yaani huo mche mwingine, na kina nguvu kuliko tufaha lako. Fukua udongo mpaka uone linapotokea, ulinyofoe kwa kulivuta kwa nguvu kuelekea chini, usilikate. Ukilikata linaacha macho na yatarudi matatu.

Majani ya njano yenye mishipa ya kijani, tena machanga ndiyo yaliyoanza, ni dalili ya mti unaokosa chuma. Udongo wa Njombe kwa kawaida una tindikali, chuma kinapatikana vizuri, kwa hiyo nashuku mafundi. Chimba kidogo kati ya shina na ukuta: nadhani utakuta mabonge ya saruji, vipande vya lipu na chokaa iliyofukiwa siku za ujenzi. Vitu hivyo vinafanya udongo uwe na magadi, na chuma kinafungika hata kama kipo. Yatoe yote unayoyafikia, jaza udongo mzuri uliochanganywa na mboji, weka matandazo ya majani makavu bila kugusa shina. Usikimbilie yurea. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itageuza njano kuwa kijani kwa muda, na itakupa fagio jingine. Debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa mti, mwanzo wa mvua, linatosha kwa sasa. Maji nayo: chini ya ukuta mvua haifiki sawasawa, hasa ikiletwa na upepo kutoka upande wa pili. Chomeka kidole, ukikuta kukavu mpaka kifundo cha pili, mwagilia hata kama jana ilinyesha.

Mwambie mama asiwe na wasiwasi mkubwa na mizizi. Mtufaha au mpichi unaotunzwa mdogo kwa kulazwa hauna mizizi ya kuinua msingi uliojengwa vizuri. Nyufa nyingi zinazosingiziwa miti zinaletwa na msingi wa kina kifupi kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea. Futi moja kutoka ukutani ni umbali mzuri. Kama uzio wako hauna msingi wa maana, au tayari una ufa unaopitisha sarafu, hilo ni la fundi ujenzi alitazame kabla ya nguzo na waya, sio mimi.

Kuna swali hukuuliza ila lina uzito kuliko yote: shina la chini ni lipi? Kama muuzaji alibebesha kwenye MM106, moja ya mashina yaliyotolewa na kituo cha East Malling, Uingereza, mti utakuwa wa wastani, utatulia kwenye mita zako tatu na nusu ingawa kwa kubanana, na una kinga dhidi ya chawa wa pamba, wale wanaotengeneza manyoya meupe kwenye vidonda vya kupogoa. Kama alibebesha kwenye mche wa mbegu, umeshika mti unaotaka kufika mita sita, na kila mwaka utapigana nao. Muulize. Kama ni wa mbegu, sahau ngazi. Ufanye mti wote upepeo mpana wenye matawi yaliyolegea, ukilaza mengi kuliko unavyokata, na ukubali usiwe wa kupigia picha. Muulize pia ule mtufaha wa pili ni aina gani. Kama nao ni Anna, tafuta Dorsett Golden mmoja, hata kwa jirani ng'ambo ya uzio, maana Anna huzaa vizuri zaidi ikipata chavua ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo.

Mambo mengine hayatibiki kwa maandishi. Ukiona gundi inatoka kwenye mpichi na gome chini yake limezama na kuwa jeusi. Ukikata tawi ukakuta katikati kuna duara la kahawia linaloendelea mpaka shinani. Ukiona uvimbe kama ngumi kwenye goti la kubebeshea au kwenye mizizi. Au tawi moja linakauka kuanzia ncha huku mengine ni mazima: usipogoe, mwite afisa ugani wa kata yako aje auone mti wenyewe. Akishindwa, mtafute mtafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole, Mbeya. Piga picha tawi lililokatwa kwa upande, na jani la juu na la chini, itawasaidia sana kabla hawajafika.

Na parachichi, hapana. Najua Njombe sasa kila mtu anapanda Hass na bei inashawishi, lakini mparachichi unachanua kwenye ncha za matawi, mizizi yake haipendi kubanwa wala kukaa kwenye maji ya msingi, na matawi yake hayapindiki bila kununa. Kwenye nafasi iliyobaki weka mplamu, au mpeasi kama una subira. Mpeasi ndio mti unaotii ukuta kuliko yote niliyowahi kuifunga. Uupande Desemba, na safari hii usiukate kwenye mita moja. Ukate sentimita tano juu ya waya wa kwanza.